Dawa Iponyayo na Ganzi Ibakiyo

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja, fundi wa kushona. Miaka mingi amewashonea watu nguo za arusi, na watoto wa shule sare zao. Alipopatwa na kanseri ya titi, ambayo wengine huiita saratani, jamaa zake walichanga fedha, akapelekwa mbali, akapasuliwa, akatiwa dawa katika damu mara nyingi kwa muda wa miezi. Aliporudi mzima tulimpokea kwa furaha kubwa. Lakini siku chache baadaye tulimkuta ameketi mbele ya cherehani yake, mikono juu ya magoti, hafanyi kitu. Tukamwuliza: «Mama, je, ungali mgonjwa?» Akajibu: «Mwalimu, ugonjwa umekwisha. Sindano naiona kwa macho, lakini vidole haviioni. Nikijichoma, najua kwa damu iliyo juu ya kitambaa.» Nyayo zake pia zilikuwa hivyo. Alisema mchana ni kama anatembea juu ya pamba, na usiku zinawaka kama amekanyaga makaa.

Habari hiyo ilienea upesi. Wako waliosema ni ulozi. Wako waliosema dawa za hospitali ni sumu tupu. Na mama wa pili, jirani yake, aliyekuwa ameanza kuona uvimbe katika titi lake mwenyewe, akaapa: «Mimi siendi. Afadhali nife na vidole vyangu.» Neno hilo lilituchoma moyo. Kwa sababu yake tukaanza kuwauliza waganga na kusoma, tujue ganzi hiyo inatoka wapi, na wenye elimu wamefanya nini mpaka leo ili kuizuia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Njia ndefu ya mshipa wa fahamu

Mbele ya yote, tusichanganye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu hupeleka damu. Mishipa ya fahamu hupeleka habari: hiki ni moto, hiki ni baridi, hii ni sindano, hili ni jiwe chini ya mguu. Kila mshipa wa fahamu ni fungu la nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ni mkono mrefu wa chembe moja ya mwili. Chembe yenyewe inakaa karibu na uti wa mgongo, lakini uzi wake unafika mpaka ncha ya kidole cha mguu. Katika mtu mzima uzi huo huweza kupata urefu wa meta moja.

Je, chakula kinafikaje huko mbali? Ndani ya uzi mna vijibomba vidogo visivyoonekana kwa macho, vimepangwa kama reli. Juu yake mizigo hupita, kutoka kwenye chembe mpaka mwisho wa uzi, usiku na mchana. Ndugu zetu wa Kindu wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko sisi. Mizigo ya Kalemie huwafikia kwa njia ya reli. Siku reli ikikatika, si Kalemie inayoona shida kwanza, ni wao walio mwisho wa njia.

Basi, dawa nyingi za kanseri huharibu reli hiyo, au huiumiza chembe inayotuma mizigo. Ndiyo maana ganzi huanza katika vidole vya miguu, maana huko ndiko mwisho wa njia iliyo ndefu kuliko zote. Kisha hupanda, na vidole vya mikono hufuata. Waganga husema inamvaa mgonjwa kama soksi na glavu. Wala si watu wachache. Mwaka wa 2014 wachunguzi walikusanya kazi 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa za namna hii. Mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa, watu 68 katika kila mia walikuwa na shida ya mishipa ya fahamu. Baada ya miezi sita au zaidi, 30 katika kila mia walikuwa nayo bado.

Majani yaliyotoka Jamaika

Historia ya mambo haya inaanza na ua ambalo wasomaji wetu wengi wanalo mbele ya nyumba. Ni ua dogo lenye petali tano, la rangi ya waridi au nyeupe, lisiloogopa jua kali. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, nalo limepandwa katika inchi zote za joto. Wenyeji wa inchi nyingi walichemsha majani yake kama chai kwa ugonjwa wa sukari.

Mwaka wa 1952 mganga mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea majani hayo kutoka Jamaika. Akampa ndugu yake Robert Noble, mchunguzi katika chuo kikuu cha Western Ontario. Bwana Robert akawanywesha panya maji ya majani, aone kama sukari ya damu itapungua. Haikupungua hata kidogo. Lakini majani yalipotiwa katika damu yao, panya wakafa kwa magonjwa madogo madogo. Alipotazama damu yao, chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa karibu zimekwisha.

Mtu mwingine angetupa majani hayo. Bwana Noble alifikiri namna nyingine. Kama kitu hiki kinaua chembe nyeupe, je, hakiwezi kuwasaidia wale ambao chembe zao nyeupe zimezidi, yaani wagonjwa wa kanseri ya damu? Pamoja na mwenzake Charles Beer alitoa katika majani hayo dawa iitwayo vinblastini, wakaitangaza mwaka wa 1958. Wakati ule ule wataalamu wa kiwanda cha Eli Lilly huko Marekani walikuwa wakichunguza ua hilo hilo. Wakapata ndugu ya dawa ile, vinkristini, ambayo serikali ya Marekani iliruhusu itumiwe mwaka wa 1963.

Dawa hizo hufanya kazi namna gani? Chembe ya kanseri hujigawa bila kukoma. Ili kujigawa yahitaji vile vijibomba tulivyovitaja, kama kamba za kuvutia upande huu na huu. Vinkristini huzuia vijibomba visijengwe, na chembe hushindwa kujigawa, ikafa. Lakini tumekwisha kusema kwamba mshipa wa fahamu hutumia vijibomba hivyo hivyo kama reli. Hapa ndipo fumbo lote lilipo: kitu kile kile kinachoua kanseri ndicho kinachokata njia ya vidole.

Watoto wa Kampala

Tusidhani ya kuwa mambo haya yalikuwa ya Wazungu peke yao. Katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, mganga mpasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka wa 1958 habari za uvimbe mbaya wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Uvimbe ule uliharibu uso wa mtoto na kumwua kwa miezi michache. Kisu hakikufaa kitu. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walijaribu dawa, na vinkristini ilikuwa mojawapo. Uvimbe ukayeyuka mbele ya macho ya wazazi. Watoto wengine waliugua tena, lakini wengine walipona kabisa. Mwaka wa 1967 huko Kampala nyumba ya kuwatunza wagonjwa hao ilifunguliwa, nayo ndiyo iliyokuwa Chuo cha Kanseri cha Uganda, kinachofanya kazi hata leo.

Mwaka ule ule wa 1967 huko Memphis, Marekani, Bwana Donald Pinkel alianza kuchanganya dawa kadhaa, vinkristini ikiwamo, kwa watoto wenye kanseri ya damu. Zamani karibu wote walikufa. Yeye alipata kuwaponya karibu nusu.

Lakini waganga wakaona jambo lingine. Mtoto aliyekuwa akikimbia alianza kujikwaa. Aliinua goti juu kama mtu avukaye maji, maana unyayo wake ulining'inia. Wengine walisikia maumivu ya taya, wengine tumbo lilifunga siku nyingi. Hivyo njia ya kwanza ya kuzuia madhara ilikuwa njia rahisi kuliko zote: kupunguza. Waganga wengi wakaweka mpaka, kwamba mgonjwa asipewe vinkristini kupita miligramu 2 kwa mara moja, na mpaka huo wengi wanaushika hata leo.

Platini ya betri na gome la mti

Baada ya ua yakaja madini ya thamani. Mwaka wa 1965 huko Michigan, Bwana Barnett Rosenberg alipitisha umeme katika maji yenye vijidudu, akitumia vijiti vya platini. Vijidudu vikaacha kujigawa, vikawa virefu kama nyuzi. Akagundua kwamba si umeme uliofanya hivyo, bali chumvi ya platini iliyotoka katika vijiti. Ikapatikana dawa ya sisplatini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1978. Kwa dawa hiyo kanseri ya mapumbu, iliyowaua vijana, ikawa ugonjwa unaoponyeka kwa walio wengi. Huko Nagoya, Japani, mwaka wa 1976 Bwana Yoshinori Kidani na wenzake wakatengeneza ndugu yake, oksaliplatini, inayotumiwa kwa kanseri ya utumbo mpana.

Dawa za platini hazikati reli. Huingia katika chembe zenyewe za mshipa, pale karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo ukuta unaoulinda ubongo haufiki, nazo hukaa humo muda mrefu. Kwa hiyo mara nyingine ganzi huongezeka miezi kadhaa baada ya dawa kukoma. Na oksaliplatini ina ajabu yake: siku chache baada ya kuipokea, mgonjwa hawezi kushika kitu cha baridi wala kunywa maji baridi. Koo hubana, vidole huchomwa kama kwa miiba.

Tena ikaja dawa ya mti. Mwaka wa 1962 wachunguzi wa Marekani walikusanya gome la mti wa msitu wa magharibi ya inchi yao. Bwana Monroe Wall na Bwana Mansukh Wani wakatoa ndani yake kitu kiitwacho paklitakseli, wakatangaza umbo lake mwaka wa 1971. Mwaka wa 1979 Bibi Susan Horwitz alionyesha kazi yake. Vinkristini huzuia vijibomba visijengwe, lakini paklitakseli hufanya kinyume: huvigandisha visiweze kubomolewa. Reli isiyotengenezeka na reli isiyojengwa, mwisho wake ni mmoja. Dawa hiyo iliruhusiwa mwaka wa 1992, na imewarefushia maisha wanawake wengi sana wenye kanseri ya titi na ya mfuko wa mayai. Ndiyo aliyopewa mama yetu mshonaji.

Matumaini yaliyovunjika

Je, wenye elimu walikaa tu, wakitazama vidole vya watu vikifa ganzi? Hapana. Walijaribu vitu vingi. Tusimulie vichache, maana kushindwa kwao kuna mafundisho.

Walidhani vitamini E itawalinda wagonjwa. Katika majaribio madogo ilionekana kusaidia. Kisha wakafanya jaribio kubwa lenye watu zaidi ya 200, nusu wakapewa vitamini, nusu kidonge kitupu chenye sura ile ile, wala mgonjwa wala mganga hakujua nani ana kipi. Habari zake zilipotolewa mwaka wa 2011, hakukuwa na tofauti.

Habari ya kalsiamu na magnesiamu ni ndefu zaidi. Mwaka wa 2004 waganga wa Ufaransa waliandika kwamba wagonjwa waliotiwa chumvi hizi mbili kabla na baada ya oksaliplatini walipata ganzi kidogo. Hospitali nyingi zikaifuata desturi hiyo. Mwaka wa 2007 jaribio moja la Marekani likasimamishwa ghafula, maana ilionekana kwamba chumvi hizo zinaipunguzia dawa nguvu ya kuua kanseri. Hofu kubwa! Baadaye picha za wagonjwa zikasomwa upya na watu wengine, na hofu ile ikaonekana haina msingi. Jaribio dogo likaleta tena matumaini. Mwisho wakaandikwa wagonjwa 353, na mwaka wa 2014 jibu likaja: chumvi hizo hazizuii ganzi. Miaka kumi ya desturi njema ilikuwa bure.

Lakini lililo baya zaidi ni jambo la asetili-karnitini. Hicho ni kitu ambacho watu walikinunua madukani bila karatasi ya mganga, kama chakula cha kuongeza nguvu. Wengi walisema: «Kama hakisaidii, hakidhuru.» Wanawake 409 wenye kanseri ya titi wakapigiwa kura, wengine wapewe kitu hicho, wengine kidonge kitupu. Mwaka wa 2013 matokeo yakatangazwa: baada ya majuma 24, wale waliokimeza walikuwa na ganzi kuzidi wenzao. Wachunguzi walipowafuata miaka miwili, madhara yalikuwa yangali yakionekana.

Ndugu wasomaji, tutafakari neno hilo. Leo sokoni mtu hufungua mkoba, akatoa chupa nzuri, akasema: «Hii ni ya mishipa, haina madhara.» Je, ameijaribu kwa watu 409? Amepiga kura? Amewafuata miaka miwili?

Mwaka wa 2013 ilipatikana dawa moja ya kutuliza, si ya kuzuia, nayo ni duloksetini. Kati ya waliopewa, watu 59 katika mia walisema maumivu yamepungua; kati ya waliopewa kidonge kitupu, 38. Si muujiza, lakini ni msaada wa kweli. Na chama cha waganga wa kanseri wa Marekani, kilipopima kazi zote mwaka wa 2020, kilisema wazi kwamba hakuna dawa hata moja ya kinga ambayo kingeweza kuwashauri waganga waitumie.

Mambo madogo yaliyosaidia

Ajabu ni hii: dawa za kinga ziliposhindwa, mambo ya kawaida yalianza kuleta faida.

Kwanza, kupunguza muda. Zamani aliyepasuliwa kanseri ya utumbo mpana alipewa dawa pamoja na oksaliplatini kwa miezi sita. Wachunguzi wa inchi 12 wakaunganisha majaribio sita yenye wagonjwa 12,834, wakalinganisha miezi sita na miezi mitatu. Mwaka wa 2018 wakatoa hesabu yao. Katika namna moja ya kuchanganya dawa hizo, ganzi yenye kusumbua iliwapata 48 katika mia kwa miezi sita, lakini 17 tu kwa miezi mitatu. Na kanseri je? Baada ya miaka mitatu, waliokuwa wazima bila kanseri kurudi walikuwa karibu 75 au 76 katika mia upande wa miezi sita, na karibu 75 upande wa miezi mitatu. Kwa wagonjwa wengine, hasa ambao kanseri yao haijaenea sana, miezi mitatu yatosha. Kwa wengine mganga ataona afadhali miezi sita. Fikirini, watu wangapi walipoteza vidole vyao kwa ajili ya miezi mitatu isiyo na lazima!

Pili, kubadili njia ya kuingiza dawa. Kwa kanseri ya uboho wa mifupa iko dawa ya bortezomibu. Zamani ilitiwa katika mshipa wa damu. Mwaka wa 2011 jaribio la watu 222 lilionyesha kwamba ikichomwa chini ya ngozi huua kanseri sawasawa, lakini madhara ya mishipa ya fahamu hushuka kutoka 53 katika mia mpaka 38, na yale makali kutoka 16 mpaka 6. Dawa ni ile ile, sindano imehama kidogo tu.

Tatu, baridi. Huko Kyoto, Japani, wagonjwa wa paklitakseli walivishwa glavu na soksi za barafu upande mmoja wa mwili wakati dawa inapoingia, upande wa pili ukaachwa. Baridi hubana mishipa ya damu, na dawa kidogo tu hufika katika vidole. Mwaka wa 2018 waliandika habari za wagonjwa 36. Kugusa kulipungua katika mikono 29 iliyoachwa wazi, lakini katika mikono 10 tu iliyovaa barafu. Wajapani wengine walitumia glavu za kupasulia, mbili zenye kubana, wakapata faida pia. Bado majaribio hayajamalizika, na si kila mtu aliyeyarudia aliyepata faida hiyo hiyo. Tena tunawaonya wasomaji: mtu asijifanyie jambo hili nyumbani, barafu huweza kuunguza ngozi, na anayepokea oksaliplatini asithubutu, maana kwake baridi yenyewe ni adui.

Nne, mazoezi. Mwaka wa 2024 wachunguzi wa Ujerumani na Uswisi walitangaza kazi yao na wagonjwa 158. Wale waliokaa bila mazoezi, 70 katika mia walipata ganzi. Wale waliofundishwa mara mbili kwa juma kusimama kwa mguu mmoja na kujipima usawa juu ya mahali pasipo imara, 30 katika mia. Zoezi hilo halinunuliwi dukani.

Damu si moja

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi Waafrika. Mwaka wa 2008 wachunguzi wa Indiana, Marekani, waliandika kwamba kati ya watoto waliopewa vinkristini, karibu 35 katika mia ya watoto weupe walipata madhara ya mishipa, lakini karibu 5 tu kati ya watoto weusi. Sababu moja ni kimeng'enya cha ini, mfanyakazi mdogo anayeivunja dawa hiyo, ambaye watu wengi wenye asili ya Afrika wanaye. Wachunguzi hao walishirikiana na hospitali ya Eldoret, Kenya, na mwaka wa 2018 wakaonyesha kwamba watoto wengi sana wa huko wana kimeng'enya hicho, na ganzi yao ilikuwa ndogo. Ndipo wakauliza: je, labda watoto hao wangeweza kupewa dawa zaidi, ili kanseri yao ife kabisa?

Lakini mtu asijisifu upesi. Kwa paklitakseli mambo ni kinyume: wanawake weusi wa Marekani hupata ganzi kuliko wenzao. Jaribio lililofanywa kwa wanawake weusi wenye kanseri ya titi lilionyesha kwamba dawa ya dosetakseli, jamaa ya paklitakseli, iliwaumiza mishipa kidogo zaidi. Kwa hiyo haifai kupima dawa kwa watu wa inchi moja na kusema imepimwa kwa wote. Waafrika wanapoingia katika majaribio ya haki, yenye ruhusa na yenye kulindwa, wanawasaidia watoto wao wenyewe.

Chura wa Bwana Waller

Tumalize na habari iliyoanza zamani kuliko zote. Mwaka wa 1850 mganga Mwingereza, Augustus Waller, alikata mishipa ya fahamu ya ulimi wa chura, akatazama kwa darubini. Aliona kipande kilichotengwa na chembe yake kikivunjika vipande vipande. Watu wakasema: kimekufa njaa. Wakasadiki hivyo zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka wa 1989, huko Oxford, wachunguzi walikuta panya wa ajabu. Walipokata mshipa wake, kipande kile hakikufa kwa siku mbili kama kawaida, kiliishi majuma. Kumbe mshipa haufi kwa njaa tu! Unajiua wenyewe, kwa amri iliyomo ndani yake, na panya yule alizaliwa na kizuizi cha amri ile. Mwaka wa 2002 panya wa namna hiyo walipewa paklitakseli, na mishipa yao ikastahimili. Mwaka wa 2012 wachunguzi wakampata mtoa amri mwenyewe, protini iitwayo SARM1. Mwaka wa 2016 huko St. Louis, Marekani, panya waliozaliwa bila SARM1 walipewa vinkristini, nao hawakupata ganzi. Mwaka wa 2017 ikajulikana namna anavyoua: SARM1 huteketeza NAD, kitu ambacho chembe haiwezi kupata nguvu bila hicho. Ni kama mlinzi wa ghala ambaye, akisikia kelele za adui, analichoma ghala kwa moto.

Tangu hapo watu wanatafuta dawa ya kumfunga mikono mlinzi huyo wakati wa matibabu. Panya si mtu, na tumekwisha kuona matumaini mangapi yalivyovunjika. Lakini safari hii wachunguzi hawapapasi gizani. Wanaujua mlango, wanatafuta ufunguo.

Neno kwa wagonjwa na jamaa zao

Mpaka ufunguo huo upatikane, kinga iliyo kubwa ni ulimi wa mgonjwa. Wagonjwa wengi huficha ganzi, wakiogopa mganga atapunguza dawa na kanseri itarudi. Hawajui kwamba ni vigumu mganga aitambue ganzi kabla mgonjwa hajasema. Akiambiwa mapema huweza kupunguza, kukawiza, au kubadili dawa, akiyapima maisha na vidole katika mizani moja. Akiambiwa mwisho hana la kufanya. Basi, kila mara kabla ya kutiwa dawa, sema: «Vidole vyangu viko hivi.» Kama katika ukoo wenu wako watu wenye miguu dhaifu tangu kuzaliwa, sema pia, maana vinkristini huweza kuwaumiza sana wenye ugonjwa wa mishipa wa kurithi. Taja na kila kidonge unachomeza, kwa kuwa dawa nyingine za kuvu huizidishia vinkristini ukali. Na aliye na ganzi avae viatu, atazame nyayo zake kila jioni, apime maji ya moto kwa kiwiko, si kwa vidole.

Mambo haya yote tulimweleza yule mama wa pili, siku moja barazani kwake, na mama mshonaji akiwa pamoja nasi. Sisi tulisema mengi. Mshonaji alisema machache: «Dada, mimi nilinyamaza mpaka mwisho, hakuna aliyeniambia niseme. Wewe nenda, na useme tangu siku ya kwanza.»

Alikwenda. Kila mara alisema, na katikati ya matibabu waganga walimpunguzia dawa. Leo amerudi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vina ganzi bado, lakini vifungo vya blauzi yake hufunga mwenyewe. Na mama mshonaji, baada ya mwaka mzima, amerudiwa na sehemu ya fahamu zake, si zote. Anawafundisha wasichana wanne kushona. Mjukuu wake ndiye anayetunga uzi katika sindano.